Bunduki Ipi kwa Kwale?

SWALI: Ndugu Mhariri, nimepata leseni na ninakusudia kuwinda kwale na ndege wengine wa nchi kavu nikiwa na mbwa wangu. Rafiki amenishauri ninunue shotigani ya geji 12 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu) yenye mtutu mrefu uliobanwa mdomoni, pamoja na katriji nzito kuliko zote. Je, yuko sahihi?

JIBU: Ndugu msomaji, nadhani rafiki yako alikuwa akiwafikiria bata wanaopita juu angani, si kwale anayekurupuka miguuni pa mbwa. Ndege huyo hupigwa mara nyingi akiwa umbali wa mita 20 hadi 30, na hujitokeza baada ya mwindaji kutembea saa nyingi, hivyo wepesi wa bunduki una thamani kuliko wingi wa baruti. Geji 12 si mbaya, lakini geji 20, ambayo mtutu wake ni mwembamba zaidi, yenye uzito usiofika kilo 3 haichoshi mikono, na katriji yenye gramu 24 hadi 28 za marisau, yaani punje ndogo zinazotawanyika, humtosha kabisa.

Kosa kubwa zaidi katika ushauri ule ni huo mdomo uliobanwa. Marisau yakitoka yamesongamana, kwa umbali mfupi ama utamkosa ndege kabisa ama utamchanachana asifae kuliwa. Chagua mdomo ulio wazi kiasi, unaopeleka takriban nusu ya marisau ndani ya duara la sentimita 76 kwa umbali wa mita 36, kisha uhakikishe kwa kufyatua kwenye karatasi pana, kwani bunduki mbili za aina moja huweza kutawanya tofauti.

Kuhusu marisau, namba inapopanda punje hupungua ukubwa: namba 8 huwafaa tombo, 7½ kwale, na 6 ndege wakubwa kama kanga. Pale sheria inapokataza madini ya risasi, tumia chuma, ambacho ni chepesi zaidi, ukichukua punje kubwa kwa namba mbili. Mitutu mingine ya zamani haikuundwa kwa chuma, kwa hiyo muulize kwanza fundi wa bunduki.

Ukimiliki geji zote mbili, usichanganye katriji zake mfukoni. Ya geji 20 ikitiwa katika mtutu wa geji 12 huteleza na kukwama mbele ya chemba, yaani nafasi inamokaa katriji, mtutu ukaonekana mtupu. Ukiweka ya geji 12 nyuma yake na kufyatua, mtutu hupasuka mkononi. Ndiyo sababu maganda ya geji 20 hutengenezwa ya manjano.