"Nataka nyumba yangu yote iende kwa mayatima"

*Shangazi, salaam alaikum. Nina miaka 68, mjane, nakaa Kisauni, Mombasa. Nilikuwa mwalimu wa nasari. Wavulana wangu wawili wako Muscat, binti yangu ameolewa Likoni na ana mtoto mchanga. Mali yangu ni nyumba ya vyumba sita. Kimoja nakaa mimi, vitano napangisha. Dalali anasema inafika shilingi milioni 12, na nina deni la sacco la 600,000. Wanangu wamenisahau. Mkubwa tangu Idi ya kuchinja hajanipigia. Nilipovunjika mkono, walionipikia ni wasichana wa kituo cha mayatima hapa jirani. Nataka kuandika wasia nyumba yote iwe yao. Nilipomwambia binti yangu, alilia. Je, nakosea?*
*Mama Nasari*

Waalaikum salaam, dada yangu. Pole kwa mkono, na Mungu awalipe hao wasichana kwa kila sufuria waliyokuinjikia. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimesimama pale ulipoandika kuwa binti yako alilia.

Kuwaachia mayatima fungu si kosa hata kidogo. Ni jambo jema ambalo wengi wenye mali kuliko wewe halijawapitia akilini. Ila nyumba yote haiwezekani, na kilichokusukuma kutaka kuitoa yote ndicho kinachonitia wasiwasi.

Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, inawaacha Waislamu wafuate sheria ya dini yao, na dini imeweka mpaka: wasia kwa asiye mrithi hauzidi theluthi. Kisa cha Saad bin Abi Waqqas, sahaba wa Mtume, bila shaka umekisikia msikitini. Aliugua Makka, mtoto wake wakati huo ni binti mmoja tu, akataka kutoa theluthi mbili za mali yake. Mtume (SAW) akamkatalia. Nusu? Akamkatalia. Theluthi? Akamwambia theluthi, na theluthi ni nyingi, kwani kuwaacha warithi wako wakijitosheleza ni bora kuliko kuwaacha mafukara wakiwanyoshea watu mikono. Utakachozidisha hakipiti ila warithi wako wenyewe waridhie baada ya wewe kuondoka, na kwa jinsi ulivyowaeleza hao vijana wa Muscat, sitegemei.

Theluthi yenyewe hupigwa baada ya mazishi na madeni. Tuweke mazishi kando kidogo. Milioni 12 ukitoa deni la sacco, inabaki 11,400,000. Theluthi yake ni 3,800,000, hiyo ni ya mayatima. Inayobaki ni 7,600,000, na kwa kuwa huna mume, na naamini wazazi wako wametangulia, ni ya watoto wako: kwa sheria hiyo ya dini kila mvulana 3,040,000 na binti nusu yake, 1,520,000. Itazame hiyo hesabu vizuri. Ungetaka kuwaadhibu walio Muscat, ambao angalau wana mishahara. Mwenye fungu dogo, anayelea mtoto mchanga ng'ambo ya feri, ndiye pigo lingemfika kwanza. Na yeye ndiye aliyelia mbele yako.

Dada yangu, hasira yako naielewa. Mama kukaa na mkono uliofungwa plasta akisubiri simu isiyolia ni uchungu mkubwa. Lakini sadaka usiigeuze fimbo. Mpigie mkubwa wewe mwenyewe, umwambie kwa mdomo wako kuwa ulivunjika na hukumwona. Hilo ni la mama na mwanawe, na litamalizika au litabaki, lakini lisiandikwe ndani ya wasia. Mayatima wapewe kwa sababu unawapenda, na wasirithishwe ugomvi pamoja na nyumba.

Sasa karatasi. Mjomba wangu alipofariki tulikuta barua ndani ya mkebe wa biskuti, chini ya risiti za maji. Mwandiko wake mzuri, wino wa buluu: "Chumba cha duka kiwe cha mayatima." Mayatima gani, hakusema. Shahidi hakuna. Wakaja watu wa madrasa mbili, kila mmoja akidai ndiyo waliokusudiwa, na binamu zangu wakashikilia kuwa karatasi isiyo na shahidi si kitu. Duka likakaa limefungwa hadi kufuli ikashika kutu. Hakuna yatima aliyepata hata daftari. Kila nikipita pale moyo unaniuma, kwa sababu mzee alikuwa na nia safi kabisa.

Kwa hiyo nenda kituoni ukaombe kuona cheti chao cha usajili, uandike jina kama lilivyo pale, si lile la kibao cha mlangoni. Andika pesa ni za nini: karo, chakula, matibabu. Andika pia kituo kikifungwa fungu liende wapi. Chagua msimamizi unayemwamini. Mashahidi wawe wawili, watu wazima waadilifu, wasiwe warithi wako wala watu wa kituo. Kisha upeleke kwa Kadhi au wakili auangalie kabla hujatia sahihi, nakala moja ibaki huko, nyingine kwa mtu ambaye atajua ilipo siku ikihitajika.

Theluthi ya nyumba haikatwi kwa msumeno. Sema wazi kama iuzwe, au watoto wakilipe kituo thamani ya fungu lake wabaki na nyumba. Mimi ningeandika wapewe kwanza nafasi ya kulipa.

Na hili hukulitaja, nalo ndilo la kwanza kuuliza mtu wa Mombasa: kiwanja ni chako? Huku kwetu nyumba bila kiwanja ni nyingi, watu wanamiliki kuta na bati, ardhi ni ya mwingine wanayemlipa kodi ya ardhi. Kama yako ni hivyo, thamani aliyokupa dalali si ile, na mayatima wasiachiwe kesi na mwenye ardhi.

Utasikia ushauri wa kuweka wakf, kama Sayyidna Umar alivyofanya na ardhi yake ya Khaybar: asili haiuzwi wala hairithiwi, mapato yake ndiyo sadaka. Ni jambo tukufu, na Tume ya Wakf iko hapo hapo Mombasa. Lakini wakf ukishauweka hauurudishi, na wewe unaishi kwa kodi ya vyumba hivyo na sacco bado inakudai. Wasia unaweza kuubadilisha siku yoyote ukiwa hai. Kwa sasa shika wasia.

Kabla ya kuandika chochote, mwite binti yako aje na mtoto, mkae, umwonyeshe hesabu hii. Ukiweza, ongozana naye mpaka kituoni awaone hao wasichana waliokupikia. Na wao wasisubiri ufe, dada yangu. Chagua chumba kimoja kati ya hivyo vitano, na kuanzia mwezi huu toa sehemu ya kodi yake, hata ikiwa ni ya unga na mafuta tu, uwapelekee mwenyewe kwa mkono uliopona.