Maswali yenu ya Kariakoo: kesho huyo muuzaji utamkuta wapi?

Sikukuu ikikaribia tu maswali yote yanakuwa ya Kariakoo, na wiki hii zaidi ya nusu ni watu walioshapigwa tayari ndo wanakumbuka kuuliza. Nimechagua machache, yale yanayojirudia nimeyaunganisha, na kama lako halipo basi soma majibu ya wenzio maana shida ni zile zile.

Dada habari, nakuja Dar wiki ijayo, nataka vitu vya bei rahisi Kariakoo, niende mtaa gani? (Msomaji, Chalinze)

Vitu gani mdogo wangu? Khanga na vitenge ni Mtaa wa Uhuru, simu ni Aggrey, nguo za kila aina Kongo, spea za gari Gerezani. Mtaa wa "vitu" haupo. Nawaomba sana, mkiandika semeni mnatafuta nini, pisi ngapi na mfukoni mna shilingi ngapi, nje ya hapo nabaki kubahatisha.

Natokea Kimara, nije na gari langu au nipande mwendokasi?

Mwendokasi. Kuanzia 2016 basi linakutoa Kimara mpaka Gerezani, ukishuka pale au kituo cha Msimbazi uko sokoni tayari. Ukija na gari utazunguka na maguta na mikokoteni mpaka hasira zikupande, ukipata pa kupaki wakati wa kutoka unakuta fuso linashusha mzigo mbele yako na kuli anakuambia subiri kidogo bosi, hiyo kidogo ni saa nzima. Ila mkoba uvae mbele na simu iwe ndani, hasa jioni, pale mlangoni mwa basi watu wanaposukumana ndo wachomoaji wanapofanyia kazi yao.

Nilikuwa Kongo natafuta viatu vya watoto vya shule, kijana mmoja akaniambia twende dukani kwetu mama, akanipitisha uchochoro tukapanda ghorofani, nikauziwa pea tatu kwa 75,000. Kesho yake jirani yangu amenunua duka lile lile, viatu vile vile, 45,000. Nikirudi watanirudishia hela yangu? (Mama wa watatu, Mbagala)

Hawatakurudishia, pole sana mama yangu. Yule kijana sio wa duka lile, yule ni winga. Winga hana fremu na hana mzigo, yeye ana miguu na mdomo, anasimama njiani anamsoma anayeshangaa mabango, anampeleka kwa mwenye mali, bei ya duka anaijua na anachoongeza juu ni chake. Mwenye duka analijua hilo na anakubali maana ameletewa mteja, ndo maana ulipouliza bei muuzaji wa nyuma ya kaunta alikaa kimya na aliyejibu ni yule uliyekuja naye. Ukiona hivyo mahali popote, yani unamuuliza muuzaji na macho yake yanamtafuta kwanza aliyekuleta, toka kwa heshima, teremka ngazi, zunguka dakika kumi urudi peke yako.

Sina ugomvi na mawinga na sitaki mtu aseme nimewasema vibaya. Wengi ni vijana wanaotafuta riziki juani kutwa, na wafanyabiashara wa mikoani wana mawinga wao wa miaka mingi, wanawatumia hela kwa simu, winga anazunguka anakusanya mzigo, anafunga anasafirisha, mwenye duka wa Songea hajatia hata mguu Dar. Hao wanaaminiana kwasababu kila mmoja anajua wa kumpata mwenzake. Winga usiyemjua ni kitu kingine kabisa, na hapa ndo nasema nilichosema na nitaendelea kusema, kabla hujatoa hela jiulize kesho huyu mtu nitamkuta wapi. Wala sio lazima awe na duka la vioo. Mama anayetandika turubai lake pale pale kila siku, anayejulikana na wauza maji na wasusi wa jirani, ana anwani kuliko kijana aliyevaa fulana yenye jina la duka ambalo hajaajiriwa.

Wakikuita jibu "asante kaka, naenda kwa mtu wangu" huku unatembea. Usisimame na usitaje unachotafuta, ukishataja umeshapata msindikizaji. Na ukinunua mahali ukaridhika chukua kadi ya duka, andika nyuma jina la aliyekuhudumia, mwakani viatu vitabana tena.

Ni kweli maduka ya juu ghorofani yana bei nafuu kuliko ya barabarani?

Mara nyingi ni kweli, na sababu iko wazi. Fremu inayotazama barabara kodi yake ni kubwa, na kabla hata ya kodi kuna kilemba cha kuingilia, hela yote hiyo inarudi kwenye bei ya blauzi yako. Aliye floo ya tatu analipa kidogo na anategemea wanunuzi wa jumla wanaomjua, ukimfuata huko juu anakupunguzia.

Lakini ngoja niseme na lingine ambalo hukuuliza. Ukiingia kwenye majengo yale angalia ngazi. Kuna ngazi zimejaa maboksi pande zote mbili mpaka mnapita mmoja mmoja kwa zamu, na kuna maduka ya chini ya ardhi yenye mlango mmoja wa kuingilia ambao ndo huo huo wa kutokea. Novemba 2024 ghorofa lilianguka hapo hapo Kariakoo likaua watu zaidi ya 20, wakiwemo waliokuwa kazini kama siku nyingine yoyote, na Julai 2021 soko kuu lenyewe liliungua, lile jengo alilolichora msanifu wetu Beda Amuli ambalo nchi nzima tunajivunia. Sasa mtu mzima anayekuta njia ya kutokea imezibwa na marobota na bado anaingia na mtoto mgongoni ili aokoe elfu mbili, huyo naomba anisikie leo. Mwambie mwenye duka njia imezibwa, na asipojali hela yako ipeleke jengo lingine, akikosa wateja atahamisha hayo maboksi.

Bei ya jumla inaanzia pisi ngapi?

Inategemea bidhaa na inategemea duka! Hili nimelijibu mpaka basi. Nguo wengi wanaanzia pisi sita au dazani, vyombo na vipodozi katoni, wengine hata pisi tatu wanakuuzia kwa jumla ukiwa mpole. Muulize mwenye duka, ana mdomo.

Nimenunua simu kwa kijana pale barabarani kwa 200,000, niliishika mwenyewe nikaiwasha ikawaka vizuri, kufika nyumbani nafungua boksi nakuta kipande cha sabuni ya mche. Hawa watu wanakaa wapi dada? (Msomaji, Goba)

Hawakai popote kaka, ndo biashara yao ilivyo. Nakueleza ilivyofanyika ili mwingine asome. Simu uliyoiwasha ilikuwa nzima na ni ya kweli. Mkakubaliana, ukatoa hela ukaanza kuhesabu, na ukihesabu hela macho yako yanakuwa kwenye hela. Hapo mwenzake akatokea akasema wanakuja mgambo, au akajifanya anaitaka yeye kwa bei ya juu, ukageuka. Boksi likaingia kwenye mfuko mweusi, likafungwa kwa gundi ya karatasi mizunguko mitatu minne "lisije likaloa", na ukaambiwa usifungulie hapa vibaka ni wengi. Sabuni inakatwa kwa uzito wa simu kabisa, ndo maana mkononi hukuhisi kitu.

Barua kama hii inakuja kila mara na kila mara mtu ananiambia bei ilikuwa nzuri. Bei ilikuwa nzuri kwasababu hakukuwa na simu! Nunua dukani, washa, weka laini yako, piga mtu mwongee, jaribu kamera na chaja, alafu bonyeza *#06# namba itakayotokea ifanane na ya kwenye boksi na iandikwe kwenye risiti. Tangu Juni 2016 mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ilipozima simu feki mtu hana sababu ya kununua simu bila kuangalia hiyo namba. Na hata ukipewa simu nzima kweli barabarani, umejua imetoka kwa nani? Mwenyewe akiifuatilia, polisi watabisha hodi kwako, na yule kijana hutakuwa na pa kuwapeleka.

Kuna ubaya gani kupatana bei na mama wa nyanya? Mke wangu ananigombeza.

Mkeo yuko sahihi. Kupatana ni sehemu ya soko na mwenyewe mama atakushangaa usipouliza "mwisho ngapi", ila uliza mara moja basi. Fungu la 1,000 unavuta mpaka 700 kwa dakika tano, alafu ukitoka hapo unaingia supamaketi unalipa bei iliyobandikwa bila kufungua mdomo. Yule mama ametoka kwake usiku kufuata tenga, amelipa tenga, amelipa guta, na nyanya zikilainika jioni ni hasara yake peke yake. Badala ya kumkaba bei muombe nyongeza, atakuongezea mbili tatu kwa roho safi, na ukirudi wiki ijayo kwake atakuchagulia ngumu bila kuambiwa. Cha kuangalia ni zile za chini, inua nyanya ya juu uone zilizokalia sahani, kama zimechubuka mwambie abadilishe kabla hujalipa.

Mchele nikinunua kilo tano nikipima nyumbani ni nne na kitu.

Angalia mizani kabla ya kuangalia mchele. Mshale uwe kwenye sifuri sahani ikiwa tupu, iwe na stika ya Wakala wa Vipimo ya mwaka huu, na anayepima asiwe ameshika sahani kwa kidole. Ukinunua kwa sado, ile ndoo ndogo ya kupimia, geuza sado uone kitako, kuna zilizogongwa kitako kikaingia ndani, kwa juu imejaa na kwa chini umepunjwa. Na nyie mnaofurahia gunia la viazi la lumbesa, lile lililojazwa kupita kipimo, eti mmepata kingi, yule mkulima ameuza gunia moja na nusu kwa bei ya gunia moja, kipimo kikishaharibika shambani hata huku sokoni hatujui tena bei ya kitu chochote.

Mitumba mizuri niifuate saa ngapi, Karume au Ilala?

Kote utapata, mi viatu naenda Karume. Asubuhi belo linapofunguliwa ndo vitu vya kwanza vinatoka lakini unashindana na wenye maduka ya mtumba, wanachagua haraka na wana hela, kwahiyo bei iko juu. Mchana inashuka, jioni unasikia "buku buku" na hapo yamebaki ya kuchambua kwa subira. Kiatu kikunje katikati uone soli kama inapasuka, pitisha kidole gumba pale soli inapokutana na ngozi, gundi mpya ya kung'aa maana yake kimeshafunguka kikarudishwa. Karume iliungua Januari 2022, watu walipoteza mitaji yao yote na wakarudi kuanza upya pale pale, kwahiyo ukiwakuta mahali pao kawaungishe.

Muuza duka ananiambia bila risiti ananipunguzia 5,000, nikubali?

Usikubali. Risiti ya mashine ya EFD ni yako kabla ya kuwa ya watu wa kodi, TRA, ndo ushahidi pekee kwamba ile friji ilitoka duka lile siku ile, na ikigoma wiki ya pili utaenda na nini? Alafu sheria inambana na mnunuzi, sio muuzaji peke yake, unaweza ukasimamishwa nje na mzigo ukaulizwa risiti. Isome ukiwa bado kaunta, kuna wanaouza cha 300,000 wanaandika 30,000.

Niko Mbeya, nimeona duka Insta wanasema wako Kariakoo, nitume hela nusu au yote?

Usitume hata mia kwanza. Muombe akupigie video akiwa dukani, aoneshe bango na duka la jirani, alafu lipa kwa lipa namba yenye jina la biashara, jina likija la mtu mwingine kabisa acha. Kama una ndugu Dar mtume apite, nauli yake ni ndogo kuliko mzigo usiofika. Mzigo ukitumwa kwa basi dai picha ya risiti ya basi yenye namba ya gari.

Mifuko?

Beba wa kwako, ya plastiki imepigwa marufuku tangu 1 Juni 2019 na bado kuna watu wanashangaa.

Ni kweli Kariakoo sasa ni saa 24? Naweza kuja saa nne usiku nikitoka kazini? (Msomaji, Tabata)

Biashara ya saa 24 ilizinduliwa Februari 2025, ila sio kila duka linakesha. Vyakula, nguo za barabarani na baadhi ya maduka utayakuta, mengi ya jumla yanafunga jioni na Jumapili hayafungui kabisa. Usiku kaa kwenye mitaa yenye taa na watu, vichochoro viache, na kama kuna duka maalum unalifuata ile kadi uliyochukua ina namba, wapigie kabla hujapanda basi.