Michirizi ya taa usiku: niliyojifunza juu ya daraja la Manzese

Picha yangu ya kwanza ya Barabara ya Morogoro, Dar es Salaam, usiku ilikuwa na kila taa mara mbili. Nilisimama juu ya daraja la waenda kwa miguu pale Manzese, kamera ikiwa kwenye tripodi, nikaacha shata (mlango wa mwanga wa kamera) wazi sekunde 30 ili taa za magari zichore michirizi. Kumbe daraja lenyewe linatikisika watu wakipita. Kompyuta haikunisaidia kitu.

Siku hizi sipigi picha moja ndefu. Napiga nyingi za sekunde 8 hadi 10, ISO 100 (usikivu wa kamera kwa mwanga), tundu la lenzi f/8, nikaziunganishe nyumbani. Iliyotikisika naitupa, jioni yangu haijaharibika. Na foleni nayo inakuwa si tatizo sana. Saa moja jioni magari ya kwenda Kimara yanatambaa, taa za breki zinaacha madoa mekundu badala ya michirizi. Katikati, basi la mwendokasi linapita kwenye njia yake, na kwa urefu wake na taa zake za ndani linaacha utepe mpana unaoelea juu ya michirizi mingine. Nikiwa na picha 60, nachukua zile ambazo basi limepita, zenye madoa naziacha.

Anga napiga kwanza. Huku karibu na ikweta giza halina subira: ile buluu nzito baada ya jua kuzama inanipa kama dakika 20 tu. Nafika mapema, nafunga tripodi, napiga picha ya msingi madirisha yakiwa yameshawaka na anga bado lina rangi. Baada ya hapo tripodi haiguswi hadi naondoka. Mkoba nauvaa kifuani. Wanaoijua Manzese usiku hawataniuliza kwa nini.

Faili zote nazipiga RAW, yaani ghafi kama kamera ilivyozinasa, na kuzipa joto moja la rangi, kama Kelvin 4000. Ukiiacha kamera ijichagulie, basi moja litatoka la njano na jingine la kijani.

Nyumbani natumia GIMP, programu ya kuhariri picha, maana ni ya bure. Nafungua picha zote kama leya, yaani matabaka yaliyolaliana, ile ya buluu chini kabisa, zilizobaki naziweka kwenye hali ya Lighten Only. Programu inalinganisha nukta kwa nukta na kubakiza iliyong'aa zaidi. Michirizi inajijenga, lami inabaki nyeusi.

Hapa ndipo nilipohangaika miezi. Hali hiyo haitofautishi taa ya gari na zile chembechembe za rangi ambazo kamera yenyewe huzitoa gizani (noise). Ukirundika picha 40, inaokota kila chembe iliyong'aa kuliko mwenzake, na anga linakuwa kama limemwagiwa mchanga. Mimi nikawa nalainisha, nalainisha, mpaka maghorofa yakawa kama ya plastiki. Dawa ilikuwa rahisi: unganisha michirizi yote iwe leya moja, irudishe kwenye hali ileile, ipe maski nyeusi (pazia linaloificha leya; palipopakwa nyeupe panaonekana), halafu paka nyeupe barabarani tu. Anga na majengo vinabaki vya ile picha moja safi ya jioni.

Kupaka huko kunachosha, hasa kwenye nguzo na nyaya za umeme. Tumia brashi laini, na kuza picha hadi uone nukta.

Siku moja upande wa kulia ulikosa magari. Nikanakili michirizi ya kushoto, nikaigeuza, nikaibandika. Ilipendeza kweli. Nikamwonyesha mjomba wangu, aliyeendesha daladala miaka mingi. Aliitazama kidogo tu.

"Mjomba," akasema, "hawa wa kulia wote wana taa nyekundu. Wamevamia upande wa wenzao, au leo Kimara harudi mtu?"

Kesho yake nikarudi darajani.