Damu yaweza kumshtaki mwanariadha ambaye mkojo wake ni safi?

SWALI: Mdogo wangu anakimbia mbio za masafa marefu na hufanyia mazoezi Ngong. Nasikia wapo wanaopigwa marufuku ilhali mkojo wao haukupatikana na dawa yoyote. Inawezekanaje? Na sisi tunaoishi nyanda za juu, damu zetu hazitatuponza bure? – Msomaji, Embakasi, Nairobi

JIBU: Inawezekana, tena kwa haki. EPO ni homoni ambayo figo hutoa ili uboho utengeneze chembe nyekundu za damu, na ile ya kiwandani imepimwa katika mkojo tangu Olimpiki ya Sydney ya mwaka 2000. Bingwa wetu wa marathoni wa Rio, Jemima Sumgong, alipatikana nayo mwaka 2017, jambo lililotuuma wengi. Hata hivyo, anayejidunga dozi ndogondogo huenda mkojo wake ukawa safi upesi.

Ndiyo maana ikaja pasipoti ya kibiolojia, inayotumika tangu 2009, ambapo vipimo vya damu ya mtu mmoja hukusanywa kwa miaka. Wapimaji huangalia hemoglobini, yaani protini ya chembe nyekundu inayobeba oksijeni, pamoja na asilimia ya chembe nyekundu changa. Mtu anapotumia EPO, chembe changa huongezeka. Akiacha, mwili huona damu imezidi na kupunguza uzalishaji, hivyo hemoglobini hubaki juu huku chembe changa zikiwa chache mno. Dawa imekwisha kutoka, lakini alama yake ingali inasomeka.

Kuhusu nyanda za juu, ni kweli mwinuko huongeza hemoglobini, lakini mwanariadha hulinganishwa hasa na vipimo vyake mwenyewe. Kabla ya kutolewa damu huketishwa dakika 10, nayo haichukuliwi mara tu baada ya mazoezi. Huulizwa pia kwenye fomu amekaa wapi kwenye mwinuko majuma mawili yaliyotangulia. Vipimo vikitia shaka, wataalamu watatu huvichambua bila kujua ni vya nani, na sharti wakubaliane wote. Tangu 2018 damu hiyo hupimwa papa hapa Nairobi, badala ya kusafirishwa ng'ambo ikiwa hatarini kuharibika njiani.

Mwambie mdogo wako ajaze fomu hiyo kwa ukweli mtupu, na asikubali sindano ya mtu yeyote, hata ya kliniki, kabla ya kuuliza jina la dawa na kulilinganisha na orodha ya dawa zilizopigwa marufuku.