Maswali ya Wasomaji: Kurekodi Safari ya Simuleta Hadi Manda

SWALI: Mhariri, assalaam alaikum. Mimi ni mkazi wa Langoni, Lamu, na kwa miezi kadhaa nimekuwa nikijifunza urubani katika simuleta ya X-Plane kwenye laptopu yangu. Juzi nilipaa Malindi kwa Cessna 172, nikafuata ufuo wa bahari hadi nikatua Manda, safari ya karibu saa moja, huku programu ya kurekodi skrini ikifanya kazi muda wote. Ndege ilikwamakwama angani, na faili likafikia karibu gigabaiti 3. Nikarudia safari nzima, mara hii nikihifadhi marudio kwa amri iliyomo ndani ya simuleta yenyewe, kisha nikamtumia faili hilo mjomba wangu aliyeko Malindi, lakini simu yake ilikataa kulifungua. Nimekosea wapi?

JIBU: Waalaikum salaam, ndugu yetu. Njia zote mbili ulizozijaribu zina faida, ila umezitumia kila moja peke yake, ilhali zinapaswa kufuatana.

Faili la marudio si video, na ndani yake hamna picha hata moja. Lililomo ni kumbukumbu ya mahali ndege ilipokuwa kila wakati, imeelekea wapi na imeinama kiasi gani, na simuleta huzisoma kumbukumbu hizo ikaichora safari upya. Simu ya mjomba haina X-Plane, kwa hiyo haina wa kuichora. Usilifute faili hilo, kwa maana ndilo litakalokupa video nzuri.

Ulipokuwa ukirusha ndege na kurekodi kwa pamoja, prosesa ilikuwa ikikokotoa mwendo wa ndege na hali ya hewa huku pia ikibana picha, yaani kupunguza ukubwa wa data yake. Skrini ya nukta 1920 kwa 1080 hutoa takriban megabaiti 6 kwa kila picha moja isiyobanwa, na kwa picha 30 kila sekunde hizo ni zaidi ya megabaiti 180, ambazo lazima zibanwe papo hapo. Ndiyo maana nakushauri urushe ndege kwanza bila kurekodi skrini, uhifadhi marudio, kisha uyafungue na kurekodi dakika mbili za mwisho tu. Hapo mikono yako haina usukani wa kushika, na unaweza kuitazama ndege kutoka nyuma yake au kutoka mnarani, na hata kurudia mara tano mpaka uridhike. Mjomba atafurahia zaidi kuiona ndege ikikata mkondo na kugusa ardhi ya Manda kuliko kuitazama bahari kwa saa nzima.

Kwa kurekodi, tumia OBS Studio, ambayo ni ya bure. Katika mipangilio yake, sehemu ya kutoa video, angalia kazi ya kubana imekabidhiwa nani: ikiwa imeandikwa x264, mzigo wote uko juu ya prosesa. Kadi nyingi za michoro za Nvidia, pamoja na chipu nyingi za Intel na AMD, zina sehemu maalumu iliyoundwa kwa kazi hiyo, nawe ukiichagua utaona nafuu mara moja. Bakia kwenye mfumo wa kubana video uitwao H.264, kwa kuwa hata simu za zamani huufungua.

Kuhusu ukubwa, hesabu ni nyepesi. Ukirekodi kwa kiwango cha megabiti 6 kwa sekunde (biti nane ni baiti moja), hizo ni megabaiti 45 kwa dakika, na kwa saa moja ni gigabaiti 2.7, jambo linaloeleza faili lako la kwanza. Dakika mbili kwa kiwango hicho ni megabaiti 90. Usikimbilie kukipunguza sana kiwango hicho, kwani ubanaji huhifadhi zaidi yale yaliyobadilika kati ya picha moja na inayofuata: mbingu tupu haigharimu kitu, bali ndege inapopita chini juu ya mikoko, kila jani linasogea, na kiwango kikiwa kidogo utaona kijani chote kikivunjika vipande vya mraba. Ukimtumia mjomba kwa WhatsApp, mtumie kama hati, si kama video, maana video hubanwa tena njiani na mikoko yako itaharibika, ilhali hati hufika kama ilivyo, mradi isizidi gigabaiti 2. Muulize kwanza kama ana bando la kutosha.

SWALI: Nami hurekodi safari zangu za simuleta kwa OBS hapa Malindi. Umeme ulikatika nikiwa katikati ya kurekodi, na faili la MP4 halifunguki tena. Je, nifanyeje jambo hili lisitokee tena?

JIBU: Pole sana. Faili la kawaida la MP4 huandikiwa fahirisi yake mwishoni, pale unapobonyeza kitufe cha kusimamisha, na bila fahirisi hiyo kichezeshi hakijui picha ipi iko wapi. Rekodi kwa aina ya faili iitwayo MKV badala yake, ambayo ikikatizwa hubakiza yote yaliyokwisha kuandikwa. Ukimaliza, fungua menyu ya faili ndani ya OBS na uchague amri ya kuigeuza rekodi kuwa MP4. Kazi hiyo huchukua muda mfupi tu na haipunguzi ubora, kwa kuwa picha hazibanwi upya, bali huhamishwa kutoka aina moja ya faili hadi nyingine.