Kwa nini nafunga kitabu: barua kwa mwanangu

Mwanangu Neema,

Mbukwa. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, mara ya pili baba yako akiwa ameketi pembeni, akacheka mpaka akakohoa. Unauliza kwa nini kila ibada ya mavuno, wakati wa matoleo, mama yako anafunga kitabu cha nyimbo wenzake wote wakiwa wamefungua. Kumbe tangu utoto ulikuwa ukiona aibu, ukidhani nimesahau miwani! Sikusahau miwani. Ngoja nikuandikie, maana kwenye simu nitaishia kuimba na salio litakwisha.

Ilikuwa mwaka 1976, mwezi wa sita, katika ile baridi yetu ya upepo na vumbi inayopasua midomo. Nilikuwa na miaka 13. Kijiji chetu, huku upande wa Mvumi, tulikuwa hatujakizoea. Operesheni Dodoma, ile ya kuhamishia watu vijiji vya ujamaa, ilitutoa mwaka 1971 kwenye matembe yetu yaliyotawanyika, tukapangwa kwa mistari kama miche ya vitunguu. Halafu ikaja njaa ya 1974. Hiyo siielezi, unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano, umeusikia vya kutosha kwa bibi yako. Ila ujue kwamba misimu miwili sikukuu ya mavuno ilifanyika kwa sala tu, watu wakaenda mbele mikono mitupu. Mwaka ule uwele uliitika.

Kanisa letu lilikuwa la matofali ya udongo, na viti vyake vya udongo uliokandikwa, wanaume kulia, wanawake kushoto. Sisi ni Waanglikana wa asili ya CMS, wale wamisionari wa Kiingereza waliofika Mpwapwa mwaka 1876, kwa hiyo mambo ya ubani na kengele hatukuyajua; hayo tuliyasikia kwa wenzetu wa UMCA, misheni nyingine ya Kianglikana, kule Zanzibar na Masasi. Mchungaji alivaa kanzu nyeupe na skafu nyeusi, meza ya Bwana ilitandikwa kitambaa, basi. Pambo letu lilikuwa kuimba.

Na kuimba kwenyewe kulikuwa na mwenyewe. Mwalimu wa kanisa ndiye aliyefundisha kwaya, kwa nota, do re mi kwa chaki ubaoni, sauti nne, na fimbo ya kugongea dawati. Mimi niliwekwa alto. Wewe unajua alto ilivyo, unashikilia noti moja kama mlinzi wa geti huku soprano wanaruka juu na kusifiwa na watu. Miezi minne tulijifunza Zaburi ya 95, "Njoni, tumwimbie Bwana." Mpaka leo ukiniamsha usiku naweza kukuimbia alto yake yote.

Ngoma haikuingia mle ndani. Muheme ni ngoma ya wanawake wa Kigogo, imebanwa kiunoni kama nyigu, unaipiga ukiwa umeibana magotini, na asili yake ni kwenye unyago wa wasichana. Basi wazee wa kanisa wakiona ngoma waliona unyago. Bibi yako alikuwa mpigaji, mpigaji hasa, wa kuitwa vijiji vya mbali. Alipobatizwa aliining'iniza ngoma yake kwenye boriti ya jikoni, kwenye moshi ili isiliwe na wadudu. Kila kiangazi aliishusha akaifuta, akairudisha. Hakuipiga hata mara moja.

Siku yenyewe sasa. Tuliimba zaburi yetu, ikaenda vizuri. Mahubiri yalikuwa marefu, siyakumbuki hata neno moja, Mungu anisamehe. Ikafika matoleo. Katika miaka ya kawaida mstari wa matoleo ulichukua ubeti mmoja, sana sana miwili. Siku ile watu hawakuisha. Walitoka nje huko wakiwa na madebe, vikapu, kuku, njugumawe, mwingine kibuyu cha maziwa. Tukamaliza beti zote tano za wimbo wa matoleo, mstari bado uko mlangoni. Mwalimu akatuashiria turudie. Tukarudia. Mara ya tatu soprano sauti zimewakwaruza, na wimbo mwingine wa matoleo hatuna. Tukanyamaza.

Kanisa zima likawa linasikiliza uwele ukimwagwa kwenye majamvi. Shaaa. Kimya. Shaaa.

Bibi yako alikuwa katikati ya mstari, debe kichwani. Akaanza, wala si kwa sauti kubwa, wimbo wa Kigogo wa kupura uwele, ule ambao kila mwanamke mle ndani aliwahi kuutolea jasho. Pale panapotajwa mwenye shamba, yeye akamtaja Mulungu. Akapokewa na mmoja, akaja mwingine kwa chini, mwingine kwa juu, kila mtu anaingia mahali pake. Mama mmoja aliyekwisha kumimina uwele wake akaligeuza debe, akalibana magotini. Unaelewa? Kila debe lililomwagwa likawa ngoma. Kadiri majamvi yalivyojaa ndivyo mlio ulivyoongezeka, na bati likaurudisha kwetu.

Mimi nilimtazama mwalimu. Nilijua atagonga dawati. Alisimama mkono ukiwa bado hewani, kisha akaushusha, akafunga daftari lake la nota, akaliweka kwapani. Nami nikafunga kitabu changu. Ndiyo hapo, mwanangu.

Mchungaji akaombea matoleo kwa Kigogo, ingawa kitabu cha sala kilikuwa cha Kiswahili. Baadaye nje tulifanya mnada kama kawaida, na yai moja lilinunuliwa mara saba, kila anayelinunua anarudisha liuzwe tena. Mwishowe sijui nani alilila.

Maneno hayakukosekana. Kwenye baraza mzee mmoja alisema, leo madebe, kesho ngoma. Hakukosea, maana haikupita miaka mingi ngoma zikaingia, na bibi yako akaishusha yake.

Usidhani naidharau nota. Bila yule mwalimu nisingejua kusoma muziki, na wewe usingekuwa unafundisha kwaya huko Dar. (Ingawa hivyo vinanda vyenu na maspika! Nilitoka pale masikio yakilia mpaka Morogoro.) Hata yeye alimfuata bibi yako chini ya mbuyu siku ileile, akamuuliza, "Mama, wenzako walipopokea, wewe ulihamia sauti ipi?" Bibi yako akamjibu, "Ile iliyokuwa haijachukuliwa na mtu." Wiki nzima mwalimu aliitafuta ubaoni, anaandika, anafuta.

Sasa unasema kwaya yako inataka kuimba huo wimbo kwenye mavuno ya mwaka huu, na unaomba nota. Nota sina. Piga Jumamosi jioni, mimi nitaimba, baba yako atashika debe, wewe rekodi. Ila salio uweke wewe.

Mama yako