Dar na Dodoma: anza na nauli

Mkuu, umeuliza kama kuhama Dar kwenda Dodoma kwa mshahara uleule kutakupa unafuu. Kodi ya nyumba isikudanganye, anza na nauli. Kwa Dar, anayetoka Chanika, pembezoni, kwenda Posta, katikati ya jiji, kwa magari mawili hulipa nauli nne kwa siku. Kwa siku 26 za kazi ni nauli 104, boda ya kufika kituoni bado. Dodoma, kazi ikiwa Mtumba kwenye Mji wa Serikali, panga Ihumwa, ni jirani. Ukipanga mjini kati unaurudisha mzigo uleule wa nauli. Samaki wabichi wa bei ya Feri, soko la samaki la Dar, wasahau. Kinachokwamisha wengi ni fedha za mkupuo: kodi ya miezi 6, dalali kodi ya mwezi mmoja, lori la vyombo. Na ulizia LUKU, umeme wa kulipia kabla, mapema, mita ya kuchangia huleta ugomvi.